Taya la Nyangumi wa Whangarua

Whangarua, 6 Mei 1984

Mdogo wangu Tiopira,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila baridi imewahi mwaka huu na shemeji yako Eruera anakohoa usiku kucha, kisha asubuhi anasema amelala vizuri. Areta anakusalimu. Uchumba wake na yule kijana wa watu wa maziwa, wa kule bara mbali na bahari, umeshapitishwa na wazee wa pande zote mbili, harusi ni Novemba. Mwanangu huyo mmoja tu, Tiopira, na nataka aolewe kwa meza iliyojaa. Jiwe la kaburi la mama, lile tulilolisimamisha ulipokuja Pasaka, limekaa sawasawa. Mvua imeharibu maua lakini maandishi yanasomeka.

Sasa nikupe habari za baada ya wewe kuondoka, maana uliondoka Jumatatu ya Pasaka kabla ya mapambazuko, hukungoja hata chakula cha mwisho na watu. Shangazi Kararaina alikuwekea sahani. Anasema alikuona gizani ukipakia mizigo kwenye gari la kukodi, akadhani ni mwizi, kisha akakutambua kwa mwendo wako. Nikawaambia ndege haingojei mtu. Wakaitikia, lakini sahani ilibaki pale mezani mpaka mchana na hakuna aliyetaka kuigusa.

Wale nyangumi watatu waliokwama ufukweni uliwaona mwenyewe. Ulikesha nasi ukiwamwagia maji mpaka walipokata roho Jumapili. Mzee wetu Koro Pineaha alikuwa amesema Jumatatu asubuhi watapewa majina, wasomewe dua, ndipo wazikwe mchangani. Basi asubuhi tukashuka ufukweni wote, Koro ameshikwa mkono, tukakuta lile dume kubwa halina taya la chini. Limekatwa kwa msumeno wa mashine. Bahari ilinguruma usiku mzima na nyumba ziko mbali, hakuna aliyesikia kitu.

Koro alisimama mbele ya kile kichwa muda mrefu. Watu wakangoja aanze. Mwisho akasema, "Nitamwitaje asiye na kinywa cha kuitikia?" Akakataa kumpa jina, na bila jina hapakuwa na dua. Wakazikwa kimyakimya na trekta la Eruera. Kisha Koro akaweka mwiko juu ya bahari, kuanzia kwenye rasi mpaka mdomo wa mto. Hakuna kuvua, hakuna kuokota kome, hakuna kuzamia kambakoche, mpaka taya lirudi na yeye mwenyewe aufungue mwiko kwa dua. Unamjua Koro. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Jambo moja dogo. Jumanne Eruera alichukua msumeno wake bandani, akaukuta umeoshwa na kupakwa grisi. Tiopira, tangu lini mtu wa ukoo wetu akaosha msumeno? Tulicheka, kisha hatukucheka tena. Sikuulizi kitu. Nakusimulia tu ulivyotukosesha kuagana.

Dada yako,
Mereana


Redfern, Sydney, 11 Juni 1984

Dada Mereana,

Nakuamkia kwa heshima wewe na shemeji, na nampongeza Areta. Mwambie mjomba wake atamchongea kidani cha harusi. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi ya kufunga vyuma vya majukwaa imekuwa nyingi, tunapanda ghorofa kwa ghorofa, nikirudi mikono haitaki hata kushika kalamu. Mvua hapa inanyesha kidogo kisha inaona haya, inaacha.

Jumapili naendelea kuuza vidani vyangu sokoni. Mifupa ya ng'ombe napewa bure na mchinjaji wa mtaani, Mgiriki mmoja mcheshi, anadhani nina mbwa wengi. Wiki iliyopita nilipita makumbusho. Wameweka rungu fupi la vita la mfupa wa nyangumi kutoka pande zetu, limelala kwenye kioo, limeandikwa halijulikani lilipotoka. Nilipoliona tu nilijua mkono uliolishika ulikuwa mdogo, wa mwanamke labda. Pembeni kuna chanuo, pini za kufungia majoho, na filimbi ndogo. Halafu rafu ya chini, usicheke, kuna vazi la ndani la kubana kiuno la mabibi wa Kizungu wa zamani, na limeshonewa yale mapande meusi ya kinywani mwa nyangumi. Wao huyaita mfupa, ingawa si mfupa hata kidogo. Nikamkumbuka bibi mkuu, tulivyosimuliwa alivyokuwa akiyasugua pale kwenye kituo cha zamani cha kuchinjia nyangumi, siku nzima magotini, wenzake wakimtania kwamba huko Ulaya kuna tajiri asiyeweza kuinama kuokota kijiko kwa ajili yake. Walitengeneza pia mbavu za miavuli, viboko vya farasi, brashi, kola. Mnyama mmoja, na dunia nzima imejifunga kiunoni naye.

Naona nimeandika mengi. Nilitaka kuuliza kitu. Kuna rafiki yangu hapa, mchongaji, mtu wa kisiwa kingine, amepata mfupa mbichi wa nyangumi na hajui namna ya kuutoa mafuta. Mfupa huo unatoa jasho mchana na usiku. Je, Koro alikuwa anaufanyaje? Ukipata nafasi muulize, lakini usimchoshe.

Na huo mwiko, atauondoa lini? Nadhani hasira zikipoa atauondoa.

Mdogo wako,
Tiopira


Whangarua, 2 Julai 1984

Mdogo wangu Tiopira,

Salamu. Eruera bado anakohoa. Areta ameanza kusuka mikeka ya kulalia wageni, mimi na shangazi Kararaina tunamsaidia na kugombana naye juu ya rangi. Wageni watakuwa mia mbili. Watu wa maziwa wameshatuambia kwa utani wanakuja na matumbo matupu, maana kila mtu anajua meza ya Whangarua ni kambakoche na kome. Sikujua nicheke vipi. Kwa sasa tunakula mikunga ya mtoni, kondoo na samaki wa kopo. Watu wa bahari, tunakula samaki wa kopo.

Swali la rafiki yako nilimuuliza Koro. Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kile kigoda chake cha pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi. Nikasema kuna mtu tu, mchongaji, anataka kujua. Hakuniuliza ni mtu gani. Aliweka kikombe chake cha chai chini. Kisha akasema mfupa mbichi huzikwa mchangani miaka mitatu au minne, karibu na nyumbani kwake, wadudu na mvua wakamaliza kazi yao. Nikauliza, karibu na nyumbani kwa mchongaji? Akasema hapana, karibu na nyumbani kwa mfupa. Akaongeza kwamba mfupa wa mnyama asiyepewa jina haukauki.

Nilijuta kuuliza, na nitakueleza sababu. Nilipokuwa nainuka kuondoka aliniuliza kama bado unaikumbuka ile dua ya bahari, ya kuwazika nyangumi na kufungua mwiko. Zile asubuhi za utotoni alizokusimamisha kijitoni kabla hujala, wewe peke yako, sisi wasichana tunachungulia kutoka jikoni. Nikamwambia unaikumbuka, huwezi kuisahau. Akasema vizuri, kwa sababu hakumfundisha mtu mwingine.

Jambo la kutisha kidogo limetokea. Binamu wa Eruera, yule mjuaji wa mjini, alitega mitego nje kidogo ya rasi, akasema mwiko una mpaka na yeye anaujua mpaka. Alipoivuta asubuhi ilikuwa imejaa kambakoche kweli. Wote magamba matupu, hakuna nyama ndani, na wamekaa wima kama walivyokuwa hai. Aliirudisha mitego majini, akaenda kwao siku hiyohiyo.

Andika mapema. Na huyo rafiki yako mwambie asichonge.

Mereana


Redfern, 20 Agosti 1984

Dada Mereana,

Salamu zangu kwa wote. Namwombea Eruera kifua kipone. Hapa ni salama, ila nimehama chumba, nimepata kingine uani. Mwenye nyumba wa kwanza alilalamika juu ya harufu.

Rafiki yangu hakungoja, alikuwa ameshachonga kabla barua yako haijafika. Alichonga vidani vingi na vikanunuliwa haraka, watu wa huku wanapenda mfupa wa nyangumi, wanauliza una nguvu gani. Sasa vimeanza kurudi. Mtu anavaa kidani kifuani, joto la mwili linakiamsha, kinatoka mafuta ya manjano yenye harufu ya ufukwe maji yakiwa yamekupwa. Sabuni haisaidii. Mama mmoja wa Kizungu mwenye duka la vitabu alikuja na chake amekifunga kwenye karatasi, akakiweka mezani kwa ncha za vidole. Alisema anakivua kila akilala, lakini asubuhi mto wake umelowa. Hakudai chochote, alitaka tu kiondoke nyumbani kwake.

Mwingine alianza kunieleza habari za bibi yake aliyevaa yale mavazi ya kubana kiuno, jinsi kila siku ya mvua yalivyokuwa yakinuka bahari ndani ya kabati. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilitaka aendelee kuzungumza ili asitoe mfuko wake.

Rafiki yangu ana swali. Kama mfupa ungefika Whangarua kwa posta, vipande vyote, bila jina la aliyetuma, je, Koro angeridhika? Watu wangepata bahari yao na hakuna ambaye angehitaji kusimama mbele ya mtu yeyote. Naona hilo ni jambo la maana. Nijibu upesi.

Tiopira


Whangarua, 9 Septemba 1984

Tiopira,

Salamu. Tuko hai.

Koro yuko kitandani, mgonjwa, tangu wiki iliyopita. Daktari alitaka kumpeleka hospitali, yeye akamwuliza kama huko hospitali bahari inaonekana. Sasa amewekwa dirishani. Anakunywa mchuzi kidogo na anamkataa kila mtu anayeleta mkate.

Nilimsomea swali la huyo rafiki yako. Ndiyo, nilimsomea, sikuona faida ya kuzunguka tena. Amesema taya la nyangumi si furushi la soksi. Litarudi vipande vyote pamoja, mikononi mwa aliyelichukua, kwa miguu, ufukweni, mbele ya macho ya watu. Hayo ndiyo maneno yake, nami sina la kupunguza.

Sasa unisikilize mimi dada yako. Watu wamekumbuka habari ya msumeno. Sijui nani alisema, pengine mimi mwenyewe katika kucheka kule kwa kwanza. Jumapili iliyopita kwenye mkutano wa ukoo Eruera aliinuka kuzungumza juu ya paa la jiko, jambo la paa tu, na wazee wakainamisha vichwa mpaka akakaa. Miaka yote ameishi nasi, amechimba makaburi yetu, amewazika nyangumi wetu, na leo anakaa nyuma karibu na mlango. Tulipofika nyumbani hakuvua hata koti. Alitoka akaenda kukata kuni na tuna kuni za mwaka mzima.

Na watu wa maziwa wamesikia. Mama yake bwana harusi ameandika kwa upole mwingi kwamba labda tusogeze harusi mbele mpaka mambo yatulie. Areta aliisoma barua hiyo kabla yangu. Tangu siku hiyo mikeka imesimama.

Mimi sitaji jina la mtu. Wewe pia usilitaje kwenye karatasi, shangazi Kararaina anafungua barua zangu akidhani ni zake. Lakini harusi ya mwanangu na heshima ya mume wangu ziko mikononi mwa huyo rafiki yako, na Koro hana siku nyingi. Akifa kabla ya kuufungua mwiko, utafunguliwa na nani? Mwambie hivyo.

Mereana


Redfern, 1 Oktoba 1984

Dada,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa Areta.

Barua hii ni fupi. Rafiki yangu anazunguka mji mzima kukusanya vipande. Vingi vimerudi vyenyewe. Vingine ni vya kubisha hodi kwa watu na kuomba, na wengi wanavitoa bila swali, wanaonekana wameshukuru. Kimoja kiko kwa dereva wa malori aliyekwenda kaskazini, anatarajiwa mwisho wa mwezi. Usiku anavipanga sakafuni kufuata mistari ya mfupa, na taya limeanza kuonekana umbo lake. Hapendi kulitazama, kwa hiyo analifunika gunia.

Mwambie Koro angoje. Mwambie mwezi mmoja tu. Angoje, dada, tafadhali, yeye mwenyewe ndiye lazima aufungue. Hilo ni la muhimu kuliko mfupa. Sina namna ya kukueleza zaidi.

Tiopira


Whangarua, 22 Oktoba 1984

Mdogo wangu,

Koro Pineaha ametutoka siku ya Jumanne, maji yakiwa yanakupwa. Nilipiga simu kwa mwenye nyumba wako wa kwanza, namba pekee niliyo nayo, akasema umehama na hajui ulikokwenda. Tulimlaza kwenye nyumba ya ukoo, na desturi ni siku tatu, lakini wazee wakasema tumngoje Tiopira. Tukangoja mpaka mwili haukuweza kungoja tena. Tulimzika jana. Wageni wa matanga tuliwalisha kondoo na viazi vitamu, wakala kwa adabu.

Usiku wa mwisho alikuwa na akili zake zote. Aliwaita wazee, akamwita na Eruera akamketisha karibu na kichwa chake. Akasema, "Msumeno ulikuwa wa Eruera. Mkono haukuwa wake." Eruera alilia mbele ya watu, na mimi sijawahi kumwona akilia. Yule aliyekuwa akiinamisha kichwa zaidi ya wote ndiye aliyempa leso.

Wakamwuliza, je, mwiko? Akasema, "Dua iko kwa Tiopira. Taya litarudi naye, na yeye ndiye atakayefungua." Hakusema zaidi ya hapo, na asubuhi hakuamka.

Sasa sikiliza namna walivyomwelewa. Wamefurahi, Tiopira. Wanasema umelitafuta taya huko ng'ambo, ukalipata kwa wezi, unalileta nyumbani, na mzee amekukabidhi nafasi yake. Vijana wanapaka rangi lango. Shangazi Kararaina anamwambia kila mpita njia kwamba sahani uliyoiacha Pasaka ilikuwa ishara. Watu wa maziwa wameandika tena, harusi iko palepale tarehe 24 Novemba. Areta amerudi kwenye mikeka yake na anaimba. Wazee wanataka ufungue bahari Ijumaa alfajiri, ili wazamiaji wapate siku nzima ya kutafuta chakula cha karamu.

Jana baada ya mazishi kina bibi walikuwa wanaosha vyombo na kusimuliana habari za kaka yake Koro, aliyekwama katikati ya dua hiyohiyo zamani, wakati wa kituo cha nyangumi. Alisita mahali pamoja, akaruka mstari. Hakuuona mwaka mpya, na waliokula samaki wa siku ile walizikana mmojammoja mpaka masika. Walikuwa wanacheka, wakisema bahati yetu wewe ulifundishwa vizuri. Mimi nilikuwa nafuta sahani. Nilikumbuka neno lako kwamba lazima Koro aufungue mwenyewe, na nikashindwa kucheka nao.

Nijibu kama kuna jambo.

Mereana


Redfern, 5 Novemba 1984

Dada Mereana,

Pole. Pole kwa wote. Nilikuwa kaskazini kumfuata yule dereva, barua yako nimeikuta imesukumwa chini ya mlango. Nimekaa nayo siku mbili. Nilitaka kuomba radhi kwa Eruera lakini sijui nianzie wapi, basi msalimie tu. Nimefurahi kwamba Areta anaimba.

Vipande vyote vimepatikana isipokuwa vumbi lililoanguka chini ya msumeno. Nilifagia hata hilo, liko kwenye kopo. Sanduku limefungwa. Ndege inafika Alhamisi tarehe 22, nitapanda basi la jioni.

Nilikuandikia mara nyingi kuhusu rafiki yangu. Acha niandike habari zake mara moja ya mwisho, kisha tusimtaje tena.

Rafiki yangu hakuutaka ule mfupa. Hakuwa na haja nao, mifupa alikuwa nayo ya kutosha. Jumapili ile ya Pasaka, nyangumi walipokata roho, mzee wake alimvuta kando akamwambia, kesho hutasimama nyuma yangu, utaisoma dua wewe, watu wakuzoee. Alimshika shingo, akaweka paji la uso wake kwenye paji lake, akiwa na furaha nyingi. Na yule mtu hakuwa nayo hiyo dua. Alikuwa ameipoteza miaka mingi huko mjini, kidogo kidogo, bila kujua inamtoka. Alipotafuta usiku ule alikuta mwanzo tu. Hakuweza kumwambia mzee, na angeondoka tu, mzee angejua sababu. Akafikiri kama kutakuwa na jambo la kuwavuruga watu asubuhi, hakutakuwa na dua. Alikata taya ili pasiwe na dua, na baadaye akaogopa kulitupa, ndipo akalichonga, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mtu hafikiri.

Sijui kama Koro alilijua hili. Nadhani hakulijua. Angelijua, asingewafanyia watu hivi.

Kila asubuhi nasimama jikoni na kuanza. Naisikia sauti yake, nausikia hata ubaridi wa kijito miguuni. Nafika panapotajwa wazee wa kina kirefu, na mbele ya hapo hakuna kitu. Nimejaribu kutunga maneno ya kujazia. Kina bibi watajua mara moja.

Nimewaza kutokuja. Lakini Eruera atarudi kule mlangoni, na Areta ataacha kuimba. Kwa hiyo nakuja, na nakuomba jambo moja tu. Wewe ndiye mwenye haki ya kuinuka na kuanzisha wimbo baada ya mwanamume kusema. Simama karibu nami Ijumaa. Ukisikia nimetaja wazee wa kina kirefu, usingoje nivute pumzi. Anza kuimba, wanawake watakufuata, na sauti zenu zitafunika mahali ninapokwama. Watu wataona dada amezidiwa na furaha.

Yatakayonipata baadaye ni yangu.

Tiopira


Whangarua, 13 Novemba 1984

Mdogo wangu Tiopira,

Salamu. Eruera amepona kifua, na Jumapili alizungumza juu ya paa la jiko mpaka wazee wakamwomba akae. Lango limepakwa rangi nyekundu, si nzuri sana lakini usiwaambie. Kitanda chako nimekitandika chumba cha nyuma.

Barua yako niliisoma bandani, nikaichoma. Nilikukasirikia kwa muda wa siku nzima, na niliposhika chakula jioni nilikuwa bado nakukasirikia. Ungemwambia tu, Tiopira. Angekupeleka kijitoni tena, mtu mzima na suruali yako imekunjwa, tungekucheka wiki moja na yangeisha. Sasa aliyekuwa na maneno yuko chini ya udongo.

Niliwaza kwenda kwa wazee. Nilifika mpaka kwenye lango lao. Nikamsikia Areta anaimba kule uani, nikamwona Eruera amekaa katikati yao anawachorea mahali pa kuweka meza. Nikasema nimekuja kuomba ndoo.

Nitasimama karibu nawe. Kina bibi wameniuliza tutaimba wimbo gani, nimechagua ule mrefu kuliko yote, na nimewazoesha kuanza kwa nguvu. Hakuna atakayesikia ulipoishia. Vaa nguo nzito, alfajiri bado kuna baridi.

Mitego imeshasukwa upya, imepangwa kando ya mto. Mitumbwi itaingia majini mara tu tukimaliza kuimba, na Jumamosi wageni mia mbili watakaa mezani, wengine wanakuja na watoto wachanga. Nimemwambia Areta kwamba kwa ukoo wa baba yake bibi harusi hali kitu cha baharini siku yake, kwamba ni desturi ya zamani iliyosahauliwa. Alicheka, akasema mbona hukuniambia mapema, lakini amekubali. Eruera nimemwambia ni kwa ajili ya kifua chake.

Wengine wote nimeshindwa kuwatafutia sababu.

Dada yako,
Mereana